Watu wa Chiriku

Msusi alikuwa na wivu, na tuseme mapema ili tusizungushane. Haukuwa wivu wa gauni wala viatu, huo alishaumaliza ujanani. Huu ulikuwa wivu wa mtoto, ambao haupoi kwa kununuliwa kitu. Alilala nao, akaamka nao, na kila asubuhi akaufungulia mlango wa saluni kama anayemfungulia mteja wa kwanza.

Mtoto mwenyewe ni Chiriku, binti yake wa pekee. Jina hilo la utani alibandikwa kabla hajajua kutembea, kwa sababu ya maneno. Aliongea na ukuta, aliongea na vichana, aliongea hata na wateja waliokaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ambao hawakusikia neno lakini waliitikia kwa adabu. Sasa alikuwa msichana anayerefuka, miguu imetangulia mwili, na maneno hayakupungua. Kilichobadilika ni habari zenyewe. Zamani alileta za shule, za rafiki zake na za paka wa jirani. Siku hizi kila alichosema kilikuwa na mtu mmoja ndani yake.

"Mama Mdogo anasema mchele hauoshwi hivyo." "Mama Mdogo ana kitabu kinene hivi." "Mama Mdogo hacheki kwa sauti, mama, anacheka kwa mabega."

Mama Mdogo ni mke mpya wa baba yake Chiriku. Msusi na baba huyo waliachana zamani bila kurushiana vyombo, na kila mwisho wa wiki mtoto alikwenda kwa baba. Mwanaume mwenyewe Msusi hakuwa na haja naye. Angeletewa kwenye sinia, angemrudisha pamoja na sinia. Lakini huyo mwanamke, mwalimu wa kompyuta, mwenye sauti ya chini na miwani iliyomkaa vizuri, alimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Msusi hakuwahi kumtaja kwa jina wala kwa cheo. Alimwita "yule", na kila mtu pale saluni alijua yule ni yupi.

Jumapili moja Chiriku alirudi kichwa kimesukwa.

"Nani kakushika kichwa?" Msusi aliuliza.

"Mama Mdogo. Kajifunza kwenye video. Nimependeza?"

Hebu fikiria. Mtoto wa msusi, aliyezaliwa katikati ya vichana na mafuta ya nywele, anasukwa na mwalimu wa kompyuta. Msusi alimvuta dirishani penye mwanga, akakigeuza kichwa huku na huku akitafuta kosa. Mistari ilikuwa imenyooka. Hakuna nywele iliyovutwa, hakuna ncha iliyochomoza, na nyuma ya masikio, mahali ambapo wanafunzi wote huharibu, palikuwa safi. Hilo ndilo lililomuua. Kingekuwa kimesukwa ovyo angecheka wiki nzima.

"Zinakubana," alisema.

"Hazinibani, mama."

"Zinakubana, mimi najua. Kaa hapo."

Akamkalisha kwenye kiti na kufumua yote, msuko mmoja baada ya mwingine, mpaka kichwa kikawa kichaka. Chiriku hakusema kitu. Na Chiriku kunyamaza ni habari ya kutangazwa.

Baada ya hapo ndipo baba mtu alipopiga simu na jambo lake. Muhula ujao Chiriku anaingia shule nyingine, na shule hiyo iko jirani na kwake, mtoto anaweza kwenda kwa miguu. Kwa nini asikae kwao siku za masomo, na mwisho wa wiki awe kwa mama yake? Msusi alikataa, akakataa tena, kisha akaishiwa sababu za kukataa. Iliyobaki ilikuwa ile ya kweli, ambayo hakuweza kuitoa mdomoni. Mwisho wakakubaliana mtoto aulizwe mwenyewe. Jumapili, mbele ya wote, atasema anataka kuishi wapi.

Tangu hapo Msusi alimpa Chiriku mapande makubwa ya nyama, akamwacha achelewe kuamka, na akajichukia kwa yote mawili.

Ijumaa ikafika. Saluni ilikuwa ndogo, viti viwili vya kazi, beseni la kuoshea nywele, benchi moja, na nyuma ya pazia mlango wa kuingilia vyumba vyao vya kulala. Msusi alikuwa anamsuka mteja. Kiti cha pili kilikuwa cha mwenzake, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi aliyeitwa Redio, kwa kuwa matangazo yake hayakuwa na kitufe cha kuzimia. Chiriku alikaa kwenye benchi na kompyuta mapajani, ile kuukuu aliyopewa na yule, akichapa huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Unaandika nini siku zote hivyo?" Redio alimwuliza.

"Programu, Anti. Kwa Python. Ni lugha ya kuiambia kompyuta ifanye nini."

"Python si chatu?"

"Ndiyo, chatu."

"Mtoto kaletewa chatu saluni, na mama mtu anasuka tu!"

Chiriku alicheka. "Hii inauliza majina. Unaandika jina, unabonyeza enta, inauliza tena. Unaandika jingine. Ukichoka unaandika 'basi', na yenyewe inakuonyesha orodha ya wote uliowaandika. Mama Mdogo kaniambia nitengeneze kitu cha kwangu mwenyewe, nikachagua watu wangu."

"Watu wako kina nani?" Msusi aliuliza, japo kinywani alikuwa amebana pini.

"Watu wangu tu, mama. Wa moyoni."

Msusi alitaka kuuliza wa kwanza ni nani. Alizing'ata zile pini, akaendelea kusuka, lakini masikio yake yalikuwa kwenye benchi. Alimsikia mtoto akichapa, akibonyeza, akichapa, akibonyeza. Mara mteja akasema nywele za kuongezea hazitatosha.

"Chiriku! Kimbia dukani ukalete pakiti nyingine, nyeusi, kama hizi. Sasa hivi."

"Ngoja kidogo, ndiyo kwanza..."

"Sasa hivi, nimesema."

Chiriku aliandika neno la mwisho, akabonyeza enta bila hata kutazama, akaweka kompyuta kwenye benchi, akatoka mbio. Benchi lilikuwa na majimaji ya beseni, na kusema kweli Msusi aliifuata kompyuta ili kuihamisha tu. Hakuwa na nia ya kuchungulia. Lakini macho hayafungwi kamba.

Sehemu kubwa ya kioo cha kompyuta ilijaa maandishi ya mabano na nukta ambayo hayakumhusu. Chini kabisa palikuwa na ukanda mwembamba ulioonyesha mistari miwili tu ya mwisho.

Andika jina: basi
Watu wangu ni: ['Mama Mdogo']

Alisoma. Akasoma tena akifuata kwa kidole. Hakukuwa na mwingine. Hakukuwa na bibi, hakukuwa na baba, hakukuwa na yeye aliyembeba, akamnyonyesha, akamkesha alipougua mapafu. Watu wa moyoni, na moyo mzima umekaliwa na yule peke yake, kama mtu aliyepanga nyumba akawafungia wenzake nje.

Alirudi kwa mteja, akashika nywele, akavuta.

"Dada! Hicho ni kichwa changu!"

"Samahani," alisema, akaviacha vyote, kichwa na kichana, akaingia nyuma ya pazia na simu.

"Njoo umchukue mtoto wako," alimwambia baba Chiriku kabla hata hajasalimiwa. "Jumapili ya nini? Kashachagua. Nimeona kwa macho yangu haya. Mwambie huyo mkeo afurahi, kashinda. Mabegi yake atayakuta tayari."

Akakata. Alipolivuta pazia, Chiriku alikuwa amesimama pale na pakiti ya nywele mkononi, akihema.

"Nimechagua nini?"

"Nenda kafungashe nguo zako."

"Mama, nimechagua nini?"

"Mimi nakwambia kafungashe!"

Chiriku aliiweka pakiti kwenye meza ya vioo, taratibu, akapita ndani. Mteja alitazama dari.

Msusi alimalizia msuko wa mwisho, mteja akaondoka upesi. Hapo Redio akaweka mikono kiunoni.

"Haya. Umeona nini cha kumfukuzia mtoto?"

Msusi alimwonyesha kwa kidevu. Redio akainama, akasoma.

"Ee! Hata mimi simo? Biskuti zote zile nilizomlisha?" Kisha akakunja uso. "Lakini huyu mtoto alikuwa anachapa muda mrefu. Jina moja ndiyo linachapwa muda wote ule?"

"Labda kaliandika mara nyingi. Anavyolipenda."

"Acha ujinga. Hebu tuiulize." Redio alishamwona Chiriku akibonyeza kimshale cha kijani cha kuanzishia programu, akakibonyeza.

Andika jina:

Kioo kikatulia, kinangoja. Msusi alikitazama kama mtu aliyeulizwa swali mbele ya watu. Kisha, kwa kidole kimoja, akaandika Mama. Enta. Kikauliza tena. Akaandika basi.

Watu wangu ni: ['Mama']

Moyo wake ukatua kidogo, akaona haya papo hapo. Alikuwa kama mtu aliyejipigia kura akiwa peke yake chumbani.

"Na mimi niweke," alisema Redio. Wakaanza upya. Mama, enta. Redio, enta. Basi.

Watu wangu ni: ['Redio']

"Wewe!" Msusi alimgeukia. "Unanifuta kwenye mashine ya mwanangu?"

"Nimekufuta wapi? Mimi nimekuja nyuma yako tu."

Wakatazamana. Wakarudia, safari hii Redio akitangulia. Akabaki Mama. Wakaandika Mama, Redio, kisha Redio kwa utundu wake akaandika Taulo. Likabaki taulo peke yake, mtu wa moyoni.

Redio alicheka mpaka akashika beseni. Msusi hakucheka. Ilikuwa imemwingia. Mashine haikuwa inachagua mtu. Ilimshika wa mwisho kuja, na kila aliyekuja alimfuta aliyetangulia. Mambo hayo hakuhitaji kufundishwa, alikuwa ameyaishi. Alitangulia katika nyumba ya mwanaume, akaja mwingine, na siku hiyo yeye akawa kama hakuwahi kuandikwa. Ndiyo maana alipomwona yule peke yake kwenye kioo hakushangaa hata kidogo. Aliamini mara moja, bila kuuliza.

Na mtoto angeweza kuwa ameandika watu wangapi kabla ya huyo wa mwisho? Alishika simu ampigie tena baba Chiriku, afute maneno yake. Kabla hajabonyeza, gari likasimama nje, na mlangoni akaingia yule mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

Miaka waliyopishana haikufika hata ya kupishana darasa, na huyu anamwamkia shikamoo kama bibi kizee. Msusi aliitikia marahaba kwa meno.

"Baba Chiriku yuko kazini, kaniambia nije," alisema yule. Alikuwa amesimama palepale mlangoni, mkoba kaukumbatia. "Sikumwelewa vizuri. Sijaja kumchukua mtu, dada. Nimekuja kusikia."

Pazia likavutwa. Chiriku alitoka na begi begani, macho mekundu, kichwa kimefungwa kitambaa. Hakumkimbilia yule. Hakumtazama mama yake pia. Alisimama katikati ya viti viwili.

Msusi alijua anachotakiwa kusema. Kilichotoka kikawa kingine.

"Mashine yako ni mbovu," alimwambia yule. "Inashika mtu mmoja tu."

Yule alisogea, akainamia kioo. Macho yake yalipanda kwenye ule uchafu wa mabano, yakasimama mahali, na tabasamu likataka kuja, akalizuia. Hakugusa kitu.

"Chiriku," aliita. "Ile orodha tupu umeiweka wapi?"

Chiriku alitazama kutoka pale alipo. Akasogea hatua. Akajipiga paji la uso.

"Nimeiweka ndani ya mzunguko!"

"Mzunguko gani tena?" Redio aliuliza, maana kimya kilishamchosha.

"Ule wa kuuliza, Anti. Unaanza na orodha tupu, halafu ndiyo unazunguka: uliza jina, weka, uliza jina, weka. Sasa mimi ile orodha tupu nimeiweka humohumo kwenye kuzunguka. Kwa hiyo kila likija jina inaletwa orodha mpya, na ile yenye watu inatupwa." Alimgeukia mama yake kwa mara ya kwanza. "Kama siku ile na nywele zangu. Kichwa kimeshasukwa, wewe unafumua chote ndiyo uanze."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaeleza tu, na Msusi akatamani angepiga kelele.

Chiriku alipiga magoti mbele ya benchi, begi bado begani. Akaukata ule mstari mmoja, akaupandisha juu, nje ya mzunguko. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Akabonyeza mshale, akaandika, na safari hii wote walisimama nyuma yake wakiona kila herufi.

Watu wangu ni: ['Mama', 'Bibi', 'Baba', 'Anti Redio', 'Mama Mdogo']

"Nimo!" Redio alipiga kofi. "Biskuti hazikupotea!"

Mama alikuwa wa kwanza. Msusi aliliona, akangoja furaha ije, haikuja. Mtoto alikuwa amempa kisogo.

"Hivi ndivyo nilivyoandika hata mwanzo," Chiriku aliiambia kompyuta. "Na Jumapili nilishajua nitasema nini. Hukuniuliza. Ukampigia baba simu kwamba nimeshachagua."

"Ulitaka kusema nini?"

"Sasa hivi sijui."

Hapo ndipo Msusi alipoona kwamba mtoto anamponyoka kweli. Si kwa mashine, si kwa yule, bali kwa mkono wake mwenyewe. Kulikuwa na neno moja tu la kumrudisha, na lilibidi litamkwe yule akiwa amesimama palepale na miwani yake. Angeweza kuomba wabaki wawili. Angeweza kungoja yule atoke. Alimtazama mtoto, shingo ile nyembamba chini ya kitambaa, akaona kwamba akingoja hatalisema tena.

"Niliona wivu," alisema. "Nimesoma jina lake nikaona wivu, nikakufukuza. Hukufanya kosa lolote." Kisha, kwa kuwa ameshaanza kuvuka, akamgeukia yule. "Na siku ile alisukwa vizuri. Mistari ilinyooka. Nilitafuta kosa sikuliona, ndiyo maana nikafumua."

Yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ilinichukua siku nzima, dada," alisema polepole.

Hakuwa na hasira, na Msusi angependelea hasira. Chiriku alisimama, akalirekebisha begi. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwa vyovyote ilikuwa siku yake ya kwenda kwa baba. Alimpita mama yake, akasita, akampiga bega kwa bega, kidogo tu, kama wanavyofanya watoto ambao hawajasamehe lakini wanafikiria.

"Kompyuta umeisahau," Msusi alisema.

"Sijaisahau. Naiacha. Jumapili nikirudi nyumbani naimalizia." Alipofika mlangoni akageuka. "Na msiandike mataulo."

Nyumbani. Msusi alilisikia neno hilo, akaogopa kuliegemea.

Gari likaondoka. Redio alifagia nywele chini, akaimba kidogo, akafagia tena pale alipokwisha kufagia. Msusi alikaa kwenye benchi lenye majimaji, akaipakata kompyuta na kubonyeza mshale wa kijani.

Andika jina: Chiriku

Akabonyeza enta. Likaja lilelile swali. Alikaa nalo, kidole hewani. Aliandika herufi ya kwanza ya Mama Mdogo, akaifuta. Akaandika tena, akafuta.

"Ukichoka si unaandika basi?" Redio alimwambia akiwa ameegemea ufagio.

"Sijachoka."

Akainama, akaandika kwa kidole kile kimoja, Yule. Akabonyeza. Akaandika basi.

Watu wangu ni: ['Chiriku', 'Yule']

Kabla hajatazama kingine chochote, alitazama kama Chiriku bado yumo. Alikuwamo.